Tamthilia ya Kungoja: Jinsi Godot Alivyozunguka Dunia

Haya, vijana wangu, sogeeni karibu. Leo nawapa hadithi ambayo ndani yake karibu hakuna kinachotokea, na bado imezunguka dunia kwa zaidi ya miaka sabini.

Kuna njia ya mashambani. Kando yake umesimama mti mmoja usio na jani. Jioni inaingia. Wanaume wawili waliochakaa, Vladimir na Estragon, wanamngoja mtu aitwaye Godot. Hawana hakika kama siku ya miadi ndiyo leo, wala kama mti wenyewe ndio huu. Ili muda upite, wanabishana, wanapatana, wanahangaika na viatu na kofia, wanatafuna karoti. Anapita bwana mmoja, Pozzo, akimswaga mtumishi wake Lucky, ambaye amefungwa kamba shingoni na kubebeshwa mizigo. Wanapiga domo kidogo, kisha bwana na mtumishi wanaendelea na safari. Mwishowe anatokea mtoto na ujumbe: Bwana Godot hatakuja leo, ila kesho atakuja bila shaka.

Sehemu ya pili ni kesho yake. Mti umechipua majani machache. Pozzo amekuwa kipofu, Lucky amekuwa bubu. Mtoto anakuja tena na ujumbe ule ule. Wale wawili wanakubaliana waondoke, lakini hawanyanyui mguu. Pazia linashuka.

Najua mnachotaka kuuliza. Godot ni nani? Wako waliosema ni Mungu, wako waliosema ni mauti, wengine wakasema ni tajiri wa kuwapa kazi. Mwongozaji mmoja Mmarekani, Alan Schneider, alimwuliza mwandishi mwenyewe. Mwandishi akamjibu kwamba angalijua, angaliandika humo humo ndani ya tamthilia. Basi nasi tusijifanye tunajua kumshinda yeye.

Mwandishi huyo ni Samuel Beckett, aliyezaliwa mwaka 1906 karibu na jiji la Dublin, Ayalandi. Alihamia Paris, na majeshi ya Ujerumani yalipoikalia Ufaransa katika Vita Vikuu vya Pili, aliingia katika kundi la siri lililowapinga wavamizi. Mwaka 1942 kundi lile lilisalitiwa. Yeye na Suzanne, mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, wakatoroka hadi Roussillon, kijiji cha milimani kusini mwa nchi. Huko walikaa zaidi ya miaka miwili, Beckett akifanya vibarua vya shambani, wakingoja vita viishe bila mtu wa kuwaambia vitakwisha lini. Sidai kwamba tamthilia ni habari za kijiji kile. Nasema tu kwamba aliyeiandika alikuwa ameonja kungoja.

Aliiandika kati ya Oktoba 1948 na Januari 1949, kwa Kifaransa. Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani kwao, lakini alitaka kuandika kwa maneno makavu yasiyo na mapambo, na lugha ya kujifunza ilimsaidia kujizuia. Suzanne ndiye aliyebeba muswada na kubisha hodi kwa waongozaji wa maigizo. Wengi waliukataa. Roger Blin aliupenda, lakini ilimchukua muda mrefu kupata fedha na ukumbi. Hatimaye, tarehe 5 Januari 1953, tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi mdogo wa Paris ulioitwa Théâtre de Babylone. Wataalamu wetu wa fasihi huiweka katika kundi la tamthilia za ubwege: zile ambazo hazina kisa cha kupanda na kushuka, mazungumzo yake huzunguka bila kufika, na mwisho wake hauleti jawabu. Kwa namna hiyo humwonyesha binadamu anavyohangaika kutafuta maana ya maisha yake.

Sasa safari inaanza. Kabla ya mwaka 1953 kwisha, Godot alikuwa ameshavuka mpaka kuingia Ujerumani. Kijana wa Kijerumani, Elmar Tophoven, aliifasiri tamthilia na kuipitia pamoja na Beckett mwenyewe, na mwezi Septemba ikaonyeshwa Berlin. Wakati huo huo, katika gereza la Lüttringhausen, karibu na mji wa Wuppertal, mfungwa mmoja alipata habari za tamthilia hii. Akaipata kwa Kifaransa, akaifasiri mwenyewe, akawafundisha wafungwa wenzake, na mwezi Novemba wakaiigiza humo gerezani. Mwaka uliofuata alimwandikia Beckett barua kumweleza jinsi walivyomwona Godot wao katika Godot wake. Hebu tulieni hapo kidogo. Wakati wasomi wa Paris wanabishana kama huu ni mchezo au upuuzi, watu waliokuwa nyuma ya nondo walikuwa wameshauelewa.

Tafsiri ya Kiingereza aliifanya Beckett mwenyewe, ikachapishwa New York mwaka 1954. Kufasiri kazi yako mwenyewe ni uhuru na ni mtihani. Katika Kifaransa, Vladimir anakumbuka kuchuma zabibu Roussillon, na anataja hata jina la mwenye shamba. Katika Kiingereza, mahali pale pametoweka na mwenye shamba hakumbukwi tena. Kumbukumbu ya mhusika imezidi kufifia, na watazamaji wamepungukiwa na pa kushika. Kwa hiyo wale waliokuja kuifasiri katika lugha nyingine walikuwa na matini mbili mbele yao, zote za mkono wa mwandishi, na kila moja ina vyake.

Mwezi Agosti 1955 tamthilia iliingia London, katika ukumbi wa Arts Theatre. Mwongozaji, Peter Hall, alikuwa kijana wa miaka 24. Usiku wa kwanza baadhi ya watazamaji walizomea, wengine wakainuka na kutoka. Magazeti ya siku zilizofuata yaliiponda. Jumapili ilipofika, wahakiki wawili wenye uzito, Harold Hobson na Kenneth Tynan, waliisifu kwa dhati, na watu wakaanza kumiminika.

Miami, Marekani, hapakuwa na Jumapili ya namna hiyo. Januari 1956 ilitangazwa huko kama kichekesho cha kuvunja mbavu. Mwigizaji mmojawapo alikuwa Bert Lahr, aliyependwa kwa kuigiza simba mwoga katika filamu ya The Wizard of Oz. Watalii walikuja na nguo zao nzuri, tayari kucheka. Walipoona watu wawili wamesimama chini ya mti wakingoja, wengi waliondoka kabla ya sehemu ya pili. Kosa halikuwa la tamthilia. Waliitwa arusini, wakakuta watu wanafikiri.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, tarehe 19 Novemba 1957, kundi la waigizaji kutoka San Francisco liliipeleka katika gereza la San Quentin, California. Sababu mojawapo ya kuichagua ilikuwa nyepesi kabisa: haina mhusika mwanamke. Wafungwa wapatao 1,400 walikusanywa. Waigizaji waliingiwa na hofu. Ikiwa watu wenye elimu na nafasi wameikimbia Miami, hawa watafanya nini? Mwongozaji, Herbert Blau, alipanda jukwaani kwanza akawaambia waisikilize kama wasikilizavyo muziki wa jazi, kila mtu achukue kinachomgusa.

Ukumbi ukatulia. Watu wale walikaa mpaka mwisho. Hawakuhitaji profesa wa kuwafafanulia. Mfungwa anajua siku inayofanana na jana yake. Anajua kuambiwa kesho, na kesho ikaja na kesho nyingine mkononi. Anajua pia kwamba ukiwa na mwenzako wa kubishana naye, usiku huwa mfupi zaidi.

Mfungwa mmoja, Rick Cluchey, hakuruhusiwa kutoka selini jioni ile. Alikuwa na kifungo cha maisha. Alisikia tamthilia yote kwa vipaza sauti akiwa amefungiwa. Baadaye yeye na wenzake walianzisha kikundi cha maigizo humo humo San Quentin, wakaziigiza kazi za Beckett. Adhabu yake ilipopunguzwa naye akaachiliwa, aliendelea na jukwaa, akakutana na Beckett, akafanya kazi pamoja naye mjini Berlin. Mtu aliyesikia mchezo kupitia ukuta akaja kuongozwa na aliyeuandika!

Tuje kwetu Afrika, katika ncha ya kusini. Beckett hakukubali kazi zake zichezwe mbele ya hadhira iliyotengwa kwa rangi. Lakini mwaka 1980 ukumbi wa Baxter, Cape Town, uliokuwa ukipokea watu wa rangi zote, uliipandisha tamthilia hii jukwaani. John Kani na Winston Ntshona, Waafrika waliokuwa wamekwisha kujulikana duniani kwa michezo ya kupinga ubaguzi, walikuwa Vladimir na Estragon. Mwaka ule Nelson Mandela alikuwa bado kifungoni. Hakuna aliyelazimika kubadili maneno ya tamthilia. Waafrika wawili wasio na pa kwenda, wamesimama kwenye njia ndani ya nchi yao wenyewe, wakimngoja mtu anayeahidi na haji: kila mtazamaji alijua anaangalia nini. Na kamba ya shingoni mwa Lucky ilikuwa na maana nzito mahali pale.

Halafu Sarajevo. Kuanzia Aprili 1992 mji huo wa Bosnia ulizingirwa na majeshi yaliyokaa vilimani na kuupiga mizinga. Watu walipigwa risasi wakivuka barabara kwenda kuteka maji. Umeme ulikatika, chakula kikawa adimu. Katikati ya hali hiyo, mwaka 1993, mwandishi wa Kimarekani Susan Sontag aliingia mjini kuiongoza tamthilia hii pamoja na waigizaji wa huko huko, kwa lugha yao. Badala ya Vladimir mmoja na Estragon mmoja, aliweka jozi tatu: wanaume wawili, wanawake wawili, na mwanamume na mwanamke. Walifanya mazoezi karibu gizani. Waigizaji walikuwa wamedhoofika kwa njaa, wakawa wanalala chini kila wapatapo nafasi. Mwezi Agosti milango ilifunguliwa, na mishumaa ndiyo iliyokuwa taa za jukwaani.

Sontag alionyesha sehemu ya kwanza tu. Aliona kukata tamaa kwa sehemu hiyo kuliwatosha watu wale, akataka kuwaepusha na Godot asiyekuja mara ya pili. Mtoto alipokuja kusema Godot haji leo, ukumbi mzima ulijua habari hiyo. Nao kila siku walikuwa wakiahidiwa msaada kutoka nje. Mzingiro haukwisha mpaka Februari 1996.

Mwezi Novemba 2007 ikawa zamu ya New Orleans, Marekani. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu kimbunga Katrina kizamishe mitaa ya jiji hilo, na wakazi wengi walikuwa bado wakingoja nyumba zao zijengwe. Msanii Paul Chan na kikundi cha maigizo cha Harlem, New York, waliicheza tamthilia nje, njia panda, katika mtaa wa Lower Ninth Ward ambao nyumba zake zilikuwa zimesombwa na maji. Kiingilio kilikuwa bure.

Wala msidhani kwamba namna hii ya kuandika ni ya kigeni kwetu. Mwaka 1995 Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar alichapisha tamthilia ya Amezidi, yenye wahusika wakuu wawili, Ame na Zidi, na wahakiki huitaja miongoni mwa tamthilia za ubwege za Kiswahili. Someni, mtaona jinsi watu wawili na maneno yao wanavyoweza kubeba shida ya bara zima.

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazotazamana. Moja inasema subira yavuta heri, nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Beckett hakutuchagulia kati ya hizo mbili. Alitusimamisha hapo katikati, mahali wanapoishi watu wengi, na ndiyo maana tamthilia yake inasafiri bila kuchoka. Kila mji unampa Godot sura ya kile unachokingoja.

Basi nawaomba jambo moja. Siku mkikutana na kazi msiyoielewa, iwe kitabu, mchezo au shairi, msiwe kama wale wa Miami. Kaeni mpaka mwisho, jiulizeni nani anaweza kuwa ameyaishi haya, kisha mkaongee na mtu huyo. Watazamaji bora wa Beckett hawakuwa na viti vya mbele. Mmoja wao hakuwa hata na kiti ukumbini, naye alielewa kila kitu.