Mguu wa Bandia Haununuliwi Mara Moja
Kutoka Ruziba, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi katikati ya Bujumbura ni safari ya basi. Kwa askari aliyepoteza mguu vitani, kulifikia hilo basi ndiyo kazi.

Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 20 chataka vifaa vya kutembelea vipatikane kwa gharama nafuu. Lakini mguu wa bandia huchakaa: mtu mzima huubadili kila miaka 3 hadi 5, mtoto kila miezi 6 hadi 12. Basi mkopo wake ulipwe ukaishe kabla ya hapo. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa chaweza kutenga fungu dogo kila juma, pamoja na fedha za matengenezo; mkanda ukikatika, mtu hushinda nyumbani.