Mbio Ndefu Hazitaki Mtu wa Peke Yake

Ndugu msikilizaji, tangu Septemba mwaka 2025 habari za riadha hazikauki vijiweni hapa Singida. Sababu yake inajulikana. Alphonce Simbu, mtoto wa kijiji cha Mampando wilayani Ikungi, alishinda marathon ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, hata waamuzi wakalazimika kutazama picha kwanza ndipo watangaze mshindi. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo alikuwa ameshika nafasi ya pili Boston kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 4.

Leo lakini sitamzungumzia Simbu. Nataka tuzungumze juu yetu sisi wengine, wakimbiaji wa ridhaa, watu wenye kazi zao na vitambi vyao, tunaojilipia nauli kwenda kukimbia mbali bila kutazamia zawadi. Mimi na mwenzangu mmoja, mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, tumekuwa tukisafiri pamoja kwa miaka kadhaa. Tumekwenda Moshi, Arusha, Dodoma na Dar es Salaam. Hatujapata kushinda hata mara moja. Lakini tuna sharti moja ambalo huwashangaza watu: mmoja wetu akikosa nauli, mwingine naye haendi.

Majirani wanadhani ni ubahili, kwamba tunataka kugawana gharama ya chumba cha gesti. Ni kweli kwamba chumba tunagawana. Sababu hasa, hata hivyo, ni nyingine, nayo ndiyo mada ya leo: mtu aliyekwisha kukimbia kilometa thelathini hafai kuwa hakimu wa hali yake mwenyewe. Inafaa awepo mtu mwingine.

Naomba nieleze taratibu.

Mwili wa binadamu huweka akiba ya wanga katika misuli na katika ini. Wataalamu huiita akiba hiyo glaikojeni. Kwa mtu wa kawaida hutosha kwa kiasi cha kilometa thelathini za kukimbia, zaidi au pungufu kidogo kwa kadiri alivyofanya mazoezi na alivyokula. Marathon ina kilometa 42 na meta 195. Kwa hiyo zipo kilometa kumi na zaidi ambazo mtu huzikimbia ghala likiwa karibu tupu, akitegemea mafuta ya mwilini ambayo huwaka polepole. Miguu huwa mizito kama imefungwa mawe. Wakimbiaji husema mtu amegonga ukuta.

Kama ingekuwa ni miguu tu, lisingekuwa jambo kubwa. Lakini ubongo nao hula sukari inayoletwa na damu. Sukari ikipungua, na joto la mwili likizidi, kinachochoka pamoja na miguu ni akili ileile inayotakiwa kuamua kama mtu aendelee au aache. Anayelewa pombe husema hajalewa. Mkimbiaji naye, katika hali hiyo, husema yuko salama, tena kwa hasira.

Jambo hili si geni. Katika Olimpiki ya London mwaka 1908, ambako umbali huu wa kilometa 42 na meta 195 ulitumika kwa mara ya kwanza, Mwitalia Dorando Pietri aliingia uwanjani akiwa wa kwanza. Alipoingia alishika njia isiyo yake. Wakamgeuza. Akaanguka, akainuliwa, akaanguka tena, mara kadhaa, mpaka wasimamizi wakamsaidia kuvuka mstari. Kwa kuwa alisaidiwa, ushindi ulifutwa akapewa Johnny Hayes wa Marekani. Ndugu msikilizaji, Pietri hakuwa mjinga. Alikuwa mkimbiaji hodari kuliko mimi na wewe. Lakini pale uwanjani, mbele ya maelfu ya watu, hakujua tena kulia ni wapi na kushoto ni wapi.

Sasa sisi wa ridhaa tuna hatari ambayo mabingwa hawana kwa kiasi hichohicho, nayo ni muda. Kwa kasi yake ya Boston, Simbu anamaliza kilometa moja kabla dakika tatu hazijatimia. Sisi hutumia dakika sita na zaidi. Mbio zikianza saa 12 na nusu asubuhi, mtu wa kasi ile saa 2 na dakika 35 amekwisha maliza. Sisi tunaingia saa 5, jua likiwa limesimama vizuri. Kwa hiyo yeye anakimbia haraka zaidi, lakini sisi ndio tunaokaa juani mara mbili ya muda wake.

Kwa mtu wa Singida lipo na jingine. Mji wetu uko kwenye kimo cha kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri kando ya ziwa Singidani upepo haukosekani. Mwili huzoea hali hiyo. Kisha unapanda basi, unapita Katesh chini ya mlima Hanang, unapita Babati, Minjingu, Makuyuni na Arusha, unashuka Moshi mwishoni mwa Februari kwa ajili ya mbio za Kilimanjaro, ambazo zimekuwa zikifanyika huko tangu mwaka 2003. Moshi iko chini kuliko kwetu, na joto lake la mwezi huo si la Singida. Ndiyo maana tunajitahidi kufika siku mbili kabla, tunakula chakula tulichokizoea, na hatuvai raba mpya siku ya mbio.

Nizungumze pia juu ya maji, maana hapa wengi hupotea. Tumezoea kuambiwa mkimbiaji anywe maji mengi iwezekanavyo. Ushauri huo una hatari yake. Jasho hutoka na chumvi. Mtu akinywa maji mengi kupita kiasi kwa saa nne au tano, chumvi iliyomo katika damu huzimuliwa, na ubongo unaweza kuvimba. Wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya marathon ya Boston ya mwaka 2002, na asilimia 13 kati yao walionekana kuwa na upungufu huo wa chumvi. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani kwa sababu ya kunywa, na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Maana yake ni watu kama sisi. Katika mbio hizohizo mwanamke mmoja wa miaka 28 alifariki kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kunywa ukisikia kiu, na usinywe kwa mashindano. Vilevile usimeze vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki kabla ya kukimbia, kwani huweza kuumiza figo wakati mwili umepungukiwa maji.

Basi, kwa kuzingatia hayo, mimi na Mwalimu tuliwekeana mkataba. Tunakimbia pamoja kwa mwendo wa yule aliye dhaifu siku hiyo. Kuanzia kilometa ya 28, kila baada ya kilometa mbili tunaulizana swali. Yeye huniuliza hesabu ya kichwa, saba mara nane, tisa mara sita. Mimi humwambia anitajie vituo vya basi kutoka Moshi kurudi Singida: Moshi, Boma Ng'ombe, Usa River, Arusha, Makuyuni, Minjingu, Babati, Katesh, Singida. Anayeshindwa kujibu mara mbili, mwenzake atasema neno moja, "basi", na hapo mbio zimekwisha kwa wote wawili. Tulikubaliana kwamba neno hilo halina rufani.

Neno hilo limetumika mara moja. Katika mbio fulani, tukiwa kilometa ya 33, Mwalimu alianza kuyumba. Nikamwambia ataje vituo. Akataja Arusha, akaja Babati, akarudi Arusha, akataja Babati tena. Nikampa nafasi ya pili. Akaniambia nimwache, yuko sawa, tena akaniita kwa jina la mdogo wake. Nikasema basi.

Hakutii mara moja. Nilimshika mkono, naye akautoa. Akanikumbusha kwamba amewaahidi wanafunzi wake wa kidato cha pili kwamba atarudi na medali. Kisha akanitajia Akhwari. "Akhwari hakusimama," akasema.

Hoja hiyo ni nzito, na naomba tuipe heshima yake. Mzee John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, majirani zetu. Katika marathon ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka njiani, akaumia goti na bega. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na wa 57 alikuwa yeye, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Sisi Watanzania tumelelewa na habari hiyo, na ni haki tujivunie. Lakini kilichokuwa kimeumia ni goti na bega. Akhwari alijua yuko wapi, anakwenda wapi na kwa nini. Maumivu na kuchanganyikiwa ni mambo mawili tofauti. Maumivu mtu mzima anaweza kuamua kuyabeba. Aliyechanganyikiwa hawezi kuamua lolote.

Tena hata walio bora kuliko wote huacha. Eliud Kipchoge wa Kenya, bingwa wa Olimpiki mara mbili, aliacha marathon ya Paris mwaka 2024 baada ya kupita kilometa ya 30. Na huyo Kipchoge, mwaka 2019 kule Vienna, alipokimbia umbali huo kwa muda wa chini ya saa mbili, alikimbia akizungukwa na wenzake waliopokezana kumwongoza. Hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo alipungukiwa uhodari.

Wahudumu wa huduma ya kwanza walimlaza Mwalimu kivulini chini ya mwembe, wakammwagia maji ya baridi shingoni, kwapani na kifuani, wakampepea. Nilijifunza hapo jambo ambalo ningependa kila msikilizaji alishike. Mkimbiaji aliyechanganyikiwa kwa joto hupozwa kwanza, palepale, ndipo asafirishwe hospitali. Dakika zina thamani. Usidanganyike kwamba kwa kuwa bado anatoka jasho basi yuko salama. Wala usimlazimishe kunywa maji mengi, maana huenda maji hayohayo ndiyo yaliyomwangusha.

Baada ya muda alikaa, akaniuliza tuko kilometa ya ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza. Katika basi hakusema na mimi mpaka tulipopita Katesh. Hapo akaniambia, "Ndugu yangu, mimi ningemaliza." Nikamjibu kwamba huenda ni kweli.

Ndugu msikilizaji, hapa ndipo penye ugumu wa jambo hili. Mtu akiachwa aendelee na akafa, kila mtu atajua kwamba alipaswa kusimamishwa. Akisimamishwa akapona, hakuna njia ya kujua kama ilikuwa lazima. Anayesema "basi" hapewi ushahidi kamwe. Hupewa lawama tu, na pengine urafiki wake unatiwa doa. Ndiyo maana wengi hawalisemi, na ndiyo maana nasema haki hiyo ya kusema lazima itolewe mapema, nyumbani, akili zikiwa zimetulia, kabla hata tiketi ya basi haijakatwa.

Wanafunzi hawakupata kuiona medali. Mwalimu aliwaambia ukweli jinsi ulivyokuwa, na nasikia baadhi yao walicheka. Mwezi uliofuata alinigongea mlango saa 11 alfajiri, amevaa raba, tukaenda Singidani kama kawaida. Mkataba hatujaubadili, ila yeye ameniongezea hesabu ngumu zaidi.

Nawasihi basi vijana na wazee mnaojiandaa kusafiri kwenda kukimbia. Pima afya yako kwanza. Andika nyuma ya namba yako ya kifuani jina lako na simu ya ndugu yako. Tafuta mwenzio wa mwendo wako, na kabla ya kumuuliza ana nauli kiasi gani, muulize swali hili: nikikukatalia kwamba nimechoka, utafanya nini? Akikujibu kwamba atakuacha uamue mwenyewe, mshukuru kwa heshima yake, kisha endelea kutafuta.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tutazungumza tena juma lijalo.