Anayekunoa si lazima akulee

Waajiri wengi huyatumia maneno ‘mkufunzi’ na ‘mlezi’ kana kwamba yana maana moja. Sivyo. Mkufunzi kazini hunoa: huchukua ujuzi mmoja, tuseme kuandika ripoti, akakusahihisha kwa muda maalumu hadi makali yaonekane. Mlezi hulea: hukutazama wewe mzima, akakuonyesha njia na kukuonya, pengine kwa miaka.

Nilipoajiriwa mara ya kwanza, nilinolewa wiki mbili, nikaiva. Lakini nilipokata tamaa nikataka kuacha kazi, sikuwa na wa kumwendea. Msimamizi alinishangaa: “Si ulishafunzwa wewe?”

Nilifunzwa, ndiyo; sikulelewa. Kisu hunolewa kikakata. Mche hulelewa ukakua. Kwa hivyo, ukimpokea mgeni ofisini, jiulize kwanza: anahitaji lipi?