Baraza la Athens na Uamuzi wa Tabora

Mgeni aingiapo Tabora hupokewa na miembe mikongwe, alama ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaishia Ujiji. Njia hiyo ilipitisha bidhaa na habari, na ilipitisha pia pembe za ndovu na wanadamu waliofungwa minyororo. Katika mji huo wenye historia chungu na tamu ulifanyika, Januari 1958, mjadala ambao ningependa tuutafakari leo.

Ili tuupime vyema, tuanze na Athens, mji wa Wayunani, katika karne ya tano kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Raia walikusanyika kwenye kilima cha Pnyx, na kila raia mwanamume aliyefikia utu uzima alikuwa na haki ya kusimama na kusema. Baraza la watu 500 lililotayarisha hoja lilipatikana kwa kura ya bahati, ili uongozi usiwe mali ya koo chache. Hata hivyo wanawake, wageni na watumwa hawakuwa na sauti. Na mwaka 399 K.K. mahakama ya mji huohuo ilimhukumu kifo Socrates, mzee aliyezoea kuwahoji watu.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakuipuuza elimu ya Wayunani. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika juu ya mji mwema, na Ibn Rushd wa Cordoba akakifafanua kitabu cha Plato kuhusu dola. Walikuwa na kipimo chao, kwani Qur'ani ina sura iitwayo Ash-Shura, yaani mashauriano.

Sasa turudi Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Kura Tatu. Mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na masharti ya elimu na kipato yaliwaacha nje Waafrika walio wengi. Wajumbe wengi wa TANU walifika mkutanoni wakitaka kuususia. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwani nani aingie kwa furaha katika nyumba ambayo ndugu zake wamefungiwa nje? Mwalimu Julius Nyerere, aliyepata kusoma na kufundisha mjini humo, aliona kwamba wakisusa, viti vitachukuliwa na wapinzani wao wa UTP na uhuru utachelewa. Hakuwa na askari wa kuwalazimisha. Alikuwa na ulimi na subira. Baada ya majadiliano makali, wengi walibadili rai zao. Huo ndio Uamuzi wa Busara.

Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuanzisha African National Congress. Chaguzi za 1958 na 1959 zilithibitisha hesabu ya Tabora, kwani wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere, akashindwa kwa kura. Lakini mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na mlango huo haukufunguliwa tena hadi 1992.

Tazama basi, ndugu yangu. Athens ilijivunia hoja, kisha ikamwua mwenye kuhoji. Sisi tulivushwa na hoja, kisha tukamwogopa mwenye hoja tofauti. Nimehudhuria vikao vya msikiti ambamo aliyeshindwa aliondoka na jamaa zake kwenda kujenga msikiti mwingine hatua chache, na aliyeshinda akashukuru kuondokewa. Wote wawili wamelipoteza baraza.

Kushauriana ni kukubali kwamba huenda mwenzako ana haki. Katika kikao kijacho, mwulize kwanza yule aliyeshindwa mara iliyopita ana rai gani, kisha umsikilize hadi amalize.