Mahali pa kufikia jijini Mwanza

Jiji la Mwanza liko upande wa kusini wa Ziwa Viktoria, kaskazini mwa Tanzania. Mgeni wa siku mbili au tatu anaweza kufikia katikati ya jiji, Capri Point, Isamilo, Kirumba, Bwiru, Nyegezi, au kando ya barabara ya Musoma. Maeneo haya yanatofautiana kwa bei, kwa kelele, na zaidi kwa umbali wake kutoka stendi, bandari, uwanja wa ndege na hospitali. Wageni wengi hawaji kutembea tu. Wapo wafanyabiashara wa samaki, wanafunzi, wasafiri wanaosubiri meli au basi la alfajiri, na watu wanaouguza ndugu zao. Eneo linalomfaa mmoja linaweza kumtesa mwingine.

Umbo la jiji

Mwanza ilianza kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1892, na reli kutoka Tabora iliifikia mwaka 1928. Leo jiji linagawanyika katika wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela, ambazo kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya mwaka 2022.

Mji umejengwa kati ya ziwa na vilima vya mawe makubwa, ndiyo maana unaitwa Jiji la Miamba. Kwa hiyo barabara kuu ni chache. Barabara ya Makongoro inaelekea kaskazini kupita Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Barabara ya Nyerere inakwenda mashariki kupita Mabatini, Buzuruga na Nyakato kuelekea Musoma. Barabara ya Kenyatta inakwenda kusini kupita Mkuyuni na Butimba hadi Nyegezi, kisha Shinyanga. Daladala nyingi hufuata njia hizo tatu na kukutania mjini. Anayelala Nyegezi na kutaka kwenda uwanja wa ndege hulazimika kulivuka jiji zima, kwa hiyo ni busara kwanza kujua utaondokea wapi, ndipo utafute chumba.

Katikati ya jiji

Hapa ndipo penye nyumba nyingi zaidi za kulala wageni, kuanzia gesti za bei ndogo hadi hoteli za ghorofa. Soko Kuu, mtaa wa Makoroboi, benki, stesheni ya reli na bandari ya Mwanza Kaskazini viko umbali wa kutembea kwa miguu. Kutoka upande huu pia huondoka kivuko cha kwenda Kamanga, ng'ambo ya ghuba, katika Wilaya ya Sengerema. Anayesafiri kwa meli kwenda Bukoba au Nansio katika kisiwa cha Ukerewe hana sababu ya kulala mbali na hapa.

Ubaya wake ni kelele. Vyumba vinavyotazama barabara hupata honi, muziki wa baa na wachuuzi wanaoanza kazi kabla ya jua kuchomoza. Chumba cha nyuma au cha ghorofa ya juu husaidia. Mto Mirongo unapita katikati ya mji kuelekea ziwani, na mvua kubwa zikinyesha hufurika, hivyo katika miezi ya mvua si vizuri kuchukua chumba cha chini kilicho karibu na kingo zake. Usiku maduka yakifungwa mitaa mingi hubaki mitupu. Wenyeji wenyewe hupanda bajaji au bodaboda wanayoifahamu hata kwa safari fupi.

Ieleweke pia kwamba neno hoteli mtaani mara nyingi humaanisha mahali pa kula. Anayetafuta chumba huuliza gesti au loji, na huuliza mapema kama choo na bafu vimo ndani au ni vya kushirikiana. Mapokezi humwandikisha kila mgeni katika kitabu, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti iwe karibu.

Capri Point

Capri Point ni rasi iliyo kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, yenye nyumba kubwa, miti na barabara tulivu. Karibu na mahali inapoanzia, majini, lipo Jiwe la Bismarck, ambalo picha yake huonekana kwenye karibu kila kitu kinachoutangaza mji huu. Upande huo ndiko pia zinakopatikana mashua za kwenda kisiwa cha Saanane, kilichoanzishwa kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyeishi na kulima hapo zamani. Safari ya majini ni ya dakika chache tu.

Kwa anayekuja kupumzika, hili ndilo eneo zuri kuliko yote, na bei zake zinalijua hilo. Daladala ni chache na vibanda vya chakula ni vichache zaidi. Asiye na gari atatumia fedha nyingi kwa bajaji, ingawa mchana mtu mwenye miguu mizuri anaweza kwenda mjini kwa kutembea.

Isamilo na vilima vingine

Isamilo iko juu ya mji, na anayelala huko huliona ziwa lote likiwa chini yake. Ni tulivu, lakini kupanda na kushuka kila siku kunachosha, hasa kwa wazee na wenye mizigo. Katika vilima vingine vya jiji nyumba zimebanana kati ya mawe, na njia ya mwisho ni ngazi au kichochoro ambacho hata bodaboda haipiti. Kabla ya kulipa, mgeni aulize mambo mawili: gari linafika mlangoni? Na je, kuna tangi la maji, kwa kuwa mabomba ya milimani huwa na msukumo mdogo?

Kirumba, Bwiru na njia ya uwanja wa ndege

Kirumba ina watu wengi na gesti za bei nafuu. Soko la samaki la Mwaloni liko hapo ufukoni, na dagaa, sato na sangara husafirishwa kutoka soko hilo hadi mikoa mingine na nchi jirani kama Kongo. Mfanyabiashara anayetaka kuuwahi mzigo alfajiri hufikia hapa, na harufu ya dagaa haimsumbui. Asiye na biashara ya samaki apime mwenyewe. Uwanja wa mpira wa CCM Kirumba uko jirani, na timu kubwa kutoka Dar es Salaam zikija kucheza, vyumba hujaa na barabara hufungamana.

Bwiru, mbele kidogo, ni tulivu na inajulikana kwa shule zake za sekondari. Uwanja wa ndege uko takriban kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo mwenye ndege ya asubuhi akilala Bwiru, Pasiansi au Ilemela huepuka foleni ya Kirumba.

Nyegezi na kusini

Stendi ya Nyegezi hupokea mabasi ya Dar es Salaam, Dodoma, Tabora, Shinyanga, Geita na Bukoba. Basi la Dar es Salaam likichelewa, abiria hushuka usiku mwingi, na ni heri kulala karibu na stendi kuliko kutafuta usafiri wa mjini na mabegi mkononi. Gesti zipo nyingi. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) kiko Malimbe, upande huohuo, na wakati wa mahafali wazazi hujaza vyumba vyote.

Zamani wasafiri wa Geita na Sengerema walipoteza saa nyingi wakisubiri kivuko cha Kigongo–Busisi, na wengine walilazimika kulala njiani. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lizinduliwe Juni 2025, wengi wao huja Mwanza na kurudi siku hiyohiyo.

Barabara ya Musoma

Mabasi ya Mara hutumia stendi ya Nyamhongolo, wilayani Ilemela. Nyakato ni eneo la viwanda na Igoma ni la makazi. Vyumba ni vya bei ndogo, mandhari ya ziwa hakuna. Igoma ina makaburi na mnara wa kumbukumbu wa waliokufa katika meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996. Upande huu unamfaa anayekwenda lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, au Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, takriban kilomita 20 kutoka mjini.

Wanaouguza

Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa yote. Ndugu wa wagonjwa hufika wakidhani watakaa siku mbili, kumbe matibabu, hasa ya saratani, huchukua wiki kadhaa. Kwao bei ya usiku mmoja haisemi kitu. Waulize bei ya mwezi, ruhusa ya kupika, na kama mgonjwa anaweza kuufikia mlango bila kupanda ngazi, maana Bugando yenyewe iko juu ya kilima. Chumba cha bei ndogo kilicho mbali humalizwa na nauli za kwenda kumtazama mgonjwa asubuhi na jioni.

Ufukoni nje ya mji

Luchelele, Malimbe na Igombe zina fukwe za mchanga na mawe. Tatizo ni kichocho: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayeoga au kutembea majini, hata kwa dakika chache. Wanaoingia ziwani wapimwe wiki kadhaa baadaye. Dawa ya prazikwanteli hutibu ugonjwa huo. Katika baadhi ya sehemu wapo pia mamba na viboko, na wavuvi wa hapo ndio wanaojua ni wapi. Chumba kiwe na chandarua kisichotoboka, kwa kuwa malaria ipo mwaka mzima.