Mtoto wako na muziki wa okestra: Daktari anatazama masikio kwanza

Je, mtoto akichezewa muziki wa Mozart angali tumboni atazaliwa na akili nyingi zaidi? Niliulizwa swali hili na mama mja mzito katika siku ya familia iliyofanyika mtaani hapa Nairobi. Chini ya hema moja vijana walikuwa wakiwapigia watoto fidla na filimbi. Chini ya hema jingine mimi na muuguzi tulikuwa tukipima watu shinikizo la damu. Mama huyo alitaka kununua spika ndogo za kufunga juu ya tumbo. Nilimshauri aziweke pesa zake, kwani mtoto atazihitaji kwa mambo mengine.

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1993 watafiti wa California, Marekani, waliwachezea wanafunzi 36 wa chuo kikuu muziki wa Mozart wa piano mbili kwa dakika 10, kisha wakawapa maswali ya kuwaza jinsi karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakavyoonekana ikikunjuliwa. Walifanya vizuri kidogo kuliko walipokaa kimya, na faida yenyewe ilikwisha baada ya kama robo saa. Hao walikuwa watu wazima, wala hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Hata hivyo, mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa huko apewe muziki wa aina hiyo. Mwaka 2010 wataalamu wa Vienna, mji alioishi Mozart mwenyewe, walikusanya tafiti zipatazo 40 na hawakuona ithibati kwamba muziki wake una nguvu ya pekee ya kuongeza akili.

Na mtoto anayefundishwa kupiga chombo? Uchunguzi wa Toronto, Kanada, uliotolewa mwaka 2004 ulifuata watoto 144 wa miaka sita. Waliofundishwa kinanda au kuimba walipanda kidogo katika mtihani wa akili kuliko wenzao. Lakini ni kidogo mno, na tafiti nyingine za baadaye zimekitilia shaka hata hicho kidogo. Mzazi akikuambia kwamba fidla imempa mwanawe alama za hesabu, mpongeze, lakini usikimbilie dukani.

Basi kwa nini nakushauri umpeleke mtoto? Kwa sababu atafurahi, na kwa sababu kusikiliza ni kazi ambayo mtoto hujifunza. Watoto wetu hukulia katikati ya honi za matatu, redio ya jirani na televisheni isiyozimwa. Mbele ya okestra, pengine kwa mara ya kwanza, hutakiwa kutenga sauti moja na nyingine. Usidhani muziki huu ni wa watu wa Muthaiga pekee. Huko Korogocho, karibu na jaa la Dandora, vijana wa Ghetto Classics, mradi ulioasisiwa na Elizabeth Njoroge, wamekuwa wakijifunza vyombo hivi kwa miaka mingi.

Ukipata nafasi ya kuchagua, anza na kisa cha Petro na mbwa mwitu, alichotunga Mrusi Prokofiev mwaka 1936 kwa ajili ya watoto. Kila mhusika ana chombo chake: ndege ni filimbi, paka ni klarineti, mbwa mwitu ni pembe tatu kwa pamoja, na bata ni obo, chombo cha ukoo mmoja na zumari la pwani yetu. Kisa huchukua kama nusu saa, na mtoto wa miaka minne hawezi kutulia zaidi ya hapo. Akitaka kusimama na kucheza, mwache. Akilia, mtoe nje bila kumfinya. Vyombo vya kupuliza vikipitishwa mkono kwa mkono, hakikisha vinapanguswa kwa dawa kati ya mtoto mmoja na mwingine. Mafua husambaa upesi kuliko muziki.

Usiketi na mtoto mbele ya spika. Ndani ya kila sikio mna chembechembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hupokea sauti. Zikifa, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 katika juma, na kila desibeli tatu zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, sogea nyuma.

Siku hiyo hiyo palikuwa na mvulana wa miaka mitano aliyeegemeza kichwa chake kwenye ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama, akakataa kabisa kubanduka. Mamaye aliniomba radhi, akisema mtoto ni mkaidi, na hata shuleni alikuwa ameadhibiwa kwa kutojibu anapoitwa. Nilipotazama masikio yake niliona maji nyuma ya ngoma za sikio, pande zote mbili. Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa hasikii vizuri, na ule mtetemo wa ubao ulimfikia kuliko sauti ya mwalimu.

Hali hii ni ya kawaida kwa watoto wadogo, kwa kuwa mrija unaounganisha sikio na koo ni mfupi na umelala, hivyo hufungika upesi baada ya mafua. Mara nyingi maji hukauka yenyewe katika miezi mitatu. Yasipokauka, mtoto apimwe uwezo wa kusikia, na huenda daktari wa masikio akamtia mrija mdogo sana wa kuyatoa. Kwa hiyo siku ya muziki mchunguze mwanao: je, hageuki ngoma ikilia nyuma yake? Hukutazama midomo unaposema? Huongeza sauti ya televisheni kila mara, au amechelewa kusema? Ukiona mojawapo, mpeleke hospitalini juma hilo hilo. Usimtie mafuta ya moto sikioni, wala kijiti cha pamba, na umweleze mwalimu wake amketishe dawati la mbele wakati mnaposubiri.