Picha Moja, Sauti Mbili: Kamera, Mwanga na Usimulizi katika Vibanda vya Video vya Busia na Tororo

Mji wa Busia umegawanywa na mpaka wa kimataifa. Mashariki ndiko yaliko makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya. Magharibi ni Wilaya ya Busia ya Uganda, na kaskazini yake iko Tororo, inayopakana na Kenya huko Malaba. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili, na Kiswahili na Kiluganda hukutana sokoni kila siku. Katika eneo kama hili, filamu ileile ya Hong Kong, India au Marekani huweza kumfikia mtazamaji kwa sauti mbili: Kiluganda cha wasimulizi kama VJ Jingo na VJ Junior wa Uganda, au Kiswahili kilichochanganywa na Sheng cha DJ Afro wa Kenya. Picha haibadiliki. Makala haya yanashikilia kwamba maana hubadilika, na kwamba wanaotunga sera za filamu na za lugha wanapaswa kulizingatia jambo hilo.

Tuanze na kamera. Kamera inapomtazama mhusika kutoka chini, humpa ukubwa na mamlaka. Inapomtazama kutoka juu, humwonyesha akiwa mnyonge. Inaposogea karibu na uso na kutulia hapo, humwambia mtazamaji kwamba jambo lililo muhimu halijasemwa bado. Watazamaji wetu huisoma lugha hii bila kufundishwa, ingawa palikuwa na wakati walipodhaniwa hawaiwezi. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1939, aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma angechanganywa na picha za karibu na mikato ya haraka. Filamu zilizofuata nadharia hiyo zilikwenda polepole mno, na mfafanuzi alisimama kando ya mashine akieleza kila kilichoonekana. Dharau ile imepitwa na wakati, lakini mfafanuzi amebaki, na leo anapendwa kuliko filamu yenyewe.

Mwanga una shida yake kibandani. Mwongozaji anayeangaza nusu ya uso na kuiacha nusu gizani anatuomba tumshuku mhusika huyo. Hata hivyo, nakala iliyonakiliwa mara nyingi hupoteza tofauti ndogo za weusi, na runinga ikiwekwa katika chumba kinachopenyezwa na jua la mchana kupitia nyufa za mbao, onyesho la usiku hugeuka kiwambo cheusi kitupu. Hapo msimulizi hutamka kile ambacho mwanga umeshindwa kukionyesha: nani amejificha, ana silaha gani, anamvizia nani. Mtazamaji anapata habari, lakini anakosa shaka. Siri ambayo mwongozaji aliifungia gizani kwa dakika tano imefichuliwa katika sekunde ya kwanza.

Sauti ndiyo inayoguswa zaidi. Onyesho la filamu hubeba angalau tabaka nne za sauti: maneno ya wahusika, sauti za mahali (nyayo, mvua, injini), muziki, na ukimya. Msimulizi hushusha sauti asilia anapozungumza na kuipandisha risasi zinapolia au muziki unapoanza. Anaposhusha maneno asiyoyahitaji, nyayo na mvua hushuka pamoja nayo. Ukimya hupotea kabisa. Muuaji anapokaribia mlango na muziki ukakatwa ghafla, ukimya ule ndio tishio lenyewe. Lakini kibandani ukimya mrefu huweza kudhaniwa kuwa hitilafu ya mashine, na kazi ya msimulizi ni kuujaza.

Isidhaniwe kwamba kutenganisha sauti na picha ni uzushi wa vijana wa leo. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa kutoka Vugiri, Tanganyika, ulipeleka Kenya na Uganda filamu ambazo maelezo yake yalirekodiwa katika santuri, ili lugha ibadilishwe kulingana na mahali. Tofauti ni kwamba santuri ilisema neno lile lile kila mara, ilhali msimulizi huwataja watu na mitaa inayojulikana na hadhira yake, hutania, na hucheka mapema. Wakati mwingine kicheko hicho huligeuza onyesho la maombolezo kuwa kichekesho. Siwezi kukiita kosa la tafsiri. Ni onyesho jingine.

Hapa ndipo sera inapohusika. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya na Baraza la Vyombo vya Habari la Uganda hupima filamu, lakini kipimo cha filamu asilia hakisemi lolote kuhusu toleo lililosimuliwa. Wakaguzi wanajua kwamba maana haikai katika maneno peke yake: bodi ilipoipiga marufuku *Rafiki* mwaka 2018, mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho wake wenye matumaini, na mwisho huo unabebwa hasa na mkono unaogusa bega na uso unaogeuka. Kama mguso usio na hotuba unastahili kupimwa, basi sauti inayofunika filamu nzima inastahili zaidi. Kisheria pia, haki ya kutafsiri ni ya mwenye filamu katika nchi zote mbili, hivyo msimulizi asiye na leseni hana njia ya kujitokeza ili kazi yake ipimwe.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Ikiwa tunatafuta mahali ambapo Kiswahili cha Tororo kinasikilizwa kwa hiari, kibanda kimojawapo ni hiki. Pendekezo langu ni leseni nafuu ya usimulizi inayotambuliwa pande zote za mpaka, ikiwa na sharti moja la kiufundi: sauti ya msimulizi irekodiwe katika mkondo wake, na sauti asilia ihifadhiwe kando. *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya Nabwana I.G.G. iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, na kutolewa mwaka 2010, imetufikia ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, na toleo lisilo na sauti hiyo limepotea.